Chanzo?

Msimamizi wangu ana kalamu nyekundu.
Sura ya pili, ukurasa wa arobaini na moja,
pale nilipoandika kwamba familia hizi zilianza na reli,
amechora mshale, akauliza neno moja:
Chanzo?

Nikapanda basi la alfajiri kwenda Bahi
na madodoso thelathini, kinasa sauti cha kuazima,
fomu ya ridhaa yenye muhuri wa chuo,
kumhoji Mshiriki Namba Kumi na Saba,
ambaye ni shangazi yangu Balibira.

Alikuwa anapepeta mpunga. Hakusimama.
"Mbukwenyi," akasema, kana kwamba tumekuja wengi.
Nikasoma swali la kwanza kama lilivyo:
Unajitambulisha kuwa nani?
Mwafrika, Mwasia, mchanganyiko, mengineyo.
Akapuliza. Pumba zikatua kwenye karatasi.
"Andika mwenye mpunga."

Hakuna kisanduku cha mwenye mpunga.

"Juzi bwana mifugo alipita hapa," akaniambia,
"akamsifu ndama wangu: huyu chotara, mama, mtunze,
atakupa ndoo mbili kila asubuhi.
Mimi shuleni niliitwa jina hilohilo
na sikumwona wa kunitunza."
Akacheka. Kinasa sauti kikanasa kicheko,
na jogoo, na treni ya mizigo, dakika nne nzima.
Kwenye kunakili, mwongozo unasema,
kicheko huwekwa ndani ya mabano.

Nadharia nimezisoma. Nimewasoma watu wa mbali
wanaogawa damu kwa nusu, robo, thumni,
kama bucha la Majengo siku ya sikukuu.
Wanasema tunaishi mpakani. Katikati. Baina.
Bibi Sechelela, Mgogo wa Chipanga, hakuishi baina.
Aliishi nyumba ya tatu kutoka stesheni,
akapika mlenda, na Jumapili dengu za pilipili
alizofundishwa kwa ishara za mikono.

Fundi Kartari alihamishiwa Tabora mwaka wa njaa,
baba yangu akiwa bado tumboni.
Aliacha bangili ya chuma na karatasi moja.
Bangili leo imefungiwa kamba ya ndama,
yule wa ndoo mbili.
Karatasi ilikaa ndani ya kopo la majani ya chai,
kwa maandishi yasiyojulikana na mtu yeyote Bahi.
Ilikunjuliwa misibani tu.
Ilikuwa barua ya mapenzi. Kila mtu alijua.

Mimi ndiye niliyeipeleka mjini, mimi msomi,
kwa mzee Harbansi wa duka la vipuri, Barabara ya Saba.
Akafuta miwani kwa shati. Akasoma polepole:
Misumari, ratili nane.
Mafuta ya taa, debe.
Deni la fundi cherehani, shilingi kumi na moja.
Turubai.
Sukari, ya mtoto.
Akageuza upande wa pili. Patupu.
Hakutaka hela yangu.

Nilirudi Bahi nimeikunja kifuani
kama mtu anayepeleka taarifa ya msiba.
Shangazi alisikiliza, ungo magotini,
akaniomba nirudie mstari wa mwisho.
Nikarudia.
Akaniomba tena, safari hii kwa lugha yake babu,
kama mzee wa dukani alivyotamka.
Nikajaribu. Ulimi ukateleza mara mbili.
"Ratili ngapi?"
Haikuandikwa, shangazi.
"Wakati ule mtoto nyumbani alikuwa mimi," akasema,
si kwangu hasa, akarusha mpunga juu,
upepo wa Bahi ukafanya kazi yake.

Usiku huu nimefungua ukurasa wa arobaini na moja.
Mshale mwekundu bado uko pale.
Nimeweka tanbihi: Mahojiano, Na. 17, Bahi.
Kwenye dodoso, pembeni ya mengineyo,
nimeandika kwa penseli: mwenye mpunga.
Atakifuta, najua.
Ila ile sukari,
sijajua niiweke sura ya ngapi.